Masale ya Mpakani

Katika watu wote waliowekwa chini ya uangalizi wa Nikodemo, afisa ustawi wa jamii wa Lushoto, hakuna aliyemfurahisha kama Abrahamu wa Vuga. Jamaa alikuwa mtiifu hadi ukamwonea huruma. Alikuwa amemkata nduguye Mika begani kwa panga, wakigombea shamba la marehemu baba yao. Hakimu, badala ya kumfunga, akampa miaka miwili ya kuishi nyumbani akiangaliwa. Nikodemo naye, kwa kujiamini kwake, akaongezea sharti: Abrahamu asivuke masale, ile mimea iliyotenganisha kiwanja chake na cha Mika.

"Ukitia mguu upande ule, hata kwa salamu, mimi mwenyewe nakurudisha kwa hakimu. Ni jela moja kwa moja."

Taabu ni kwamba mama yao, Bibi Dorkasi, aliishi kwa Mika. Basi kila jioni kikongwe alijikongoja hadi mpakani, akampitishia mwanawe bakuli la viazi juu ya masale, wakapiga soga kila mtu upande wake. Nikodemo aliwahi kuwakuta hivyo. Akacheka, akaenda zake akiisifu kazi yake. Ofisini alijigamba kwamba hajarudisha mtu hata mmoja jela.

Muda wa uangalizi ulikuwa unakaribia kwisha. Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa bondeni kwenye shamba la ujamaa, na Abrahamu ndiyo kwanza anatoka kuripoti Lushoto. Akasikia yowe la mama yake. Alikimbia hadi kwenye masale, akamwona ameanguka kando ya jiko, kanga inawaka moto. Hapo hapo tu, karibu kabisa. Abrahamu akasimama. Kisha akageuka, akateremka bondeni mbio, kumtafuta balozi wa nyumba kumi ampe ruhusa.

Waliporudi wakihema, moto ulikuwa umeshazimika wenyewe.

Nikodemo alifika siku ya maziko. Kaburi lilichimbwa kwa Mika, ubavuni mwa baba yao. Watu walikuwa wanaimba. Abrahamu alisimama upande wake wa masale, kofia mkononi, peke yake.

"Shikamoo, bwana Nikodemo."

Nikodemo akamsogelea hadi kwenye masale.

"Pita, Abrahamu. Twende ukamzike mama."

"Ulisema hata kwa salamu."

"Mungu wangu! Mtu akiungua si unavuka tu!"

"Hilo hukuniambia, bwana," alisema Abrahamu. Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika.

Mika akaja, bega lake likiwa bado limepinda, akanyoosha mkono juu ya masale.

"Njoo, ndugu yangu. Mama anatungoja."

Abrahamu hakuushika. Alimgeukia Nikodemo, akangoja. Nikodemo akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka mbele za watu, na ndipo Abrahamu alipoinua mguu.