Mhuri Ulioko Malvern

...na sasa Bi Lu, meneja wa kiwanda chake, anasema dereva Peng ameshafika, jamani, ameshafika langoni pa jengo la wakili, Peng yule mwembamba mwenye miwani, siku nne nzima Bi Lu amehangaika kumtafutia kibali cha kutembea katika mji uliofungwa kwa sababu ya korona, siku nne za simu na kubembeleza wakubwa, na leo kibali kimetoka, saa mbili usiku kule Uchina, saa mbili asubuhi hapa Malvern, Toronto, theluji ya Aprili inaangukia kidirisha cha chumba cha chini utadhani hakuna aliyeiambia kwamba zamu yake imekwisha, na Dilawar amekaa mbele ya kompyuta na koti juu ya pajama, kamera ameizima, sauti ameizima, na kiganjani ameushika mhuri, huo huo aliotumwa Peng kuufuata, mhuri wa kampuni, wa mviringo, na wino mwekundu umekaukia pembeni.

“Mpigie wewe wakili, Bwana Dilawar,” anasema Bi Lu, Kiingereza chake cha taratibu kimechoka leo, “mimi hanipokelei, mwambie afungue kasha tu, ampe Peng mhuri, ni dakika tano,” hapokei, na atapokeaje, masikini wa Mungu, atasema nini, wakili anajua fika kwamba kasha lile ni tupu tangu Januari ya mwaka ule, Dilawar alipoutia mhuri ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya sanduku, akapanda ndege kurudi Toronto, wiki mbili tu, alijiambia, kisha mipaka ikafungwa na wiki mbili zikawa miaka miwili na ushei, na miaka yote hiyo Bi Lu anatuma karatasi za serikali kwa wakili, wakili anamtumia Dilawar, Dilawar anagonga mhuri hapa hapa kwenye meza hii, karatasi zinarudi baada ya siku kumi na tano, na Bi Lu, mwanamke aliyemwendeshea kiwanda miaka kumi na miwili bila kuiba hata skrubu, anasema ah, wakili wetu huyu, mzito kama nini... na Dilawar anacheka naye, anacheka!

Kule saini si kitu, weka hata saini kumi, mhuri ndio kampuni, anayeushika ndiye mwenye kiwanda, na aliwahi kusikia hotelini habari za mgeni mmoja aliyemwachia meneja wake mhuri, akarudi likizoni akakuta kiwanda si chake, usiku ule hakulala, akamsikia marehemu baba yake kabisa, usimwachie mtu ufunguo, Dilu, hata awe nani... lakini barua ya leo si ya kiwanda, ni ya Mzee Tao, mtunza stoo, dawa yake ya sindano ya kisukari imekwisha tangu juzi, tangu jana anatapika, na hatoki pale getini kwenda hospitali bila barua ya dhamana yenye mhuri mwekundu, si picha, si nakala, wino wenyewe, na amefungiwa humo kwa nini, kwa nini hasa, si kwa sababu Dilawar mwenyewe aliandika barua Machi, akawaomba wakubwa wa wilaya kiwanda kisisimame, tunatengeneza magurudumu ya vitanda vya hospitali, akawasifu aya nzima kwa hekima yao, wakakubali, kwa sharti wafanyakazi walale humo humo, watu arobaini na mmoja juu ya maboksi katikati ya mashine, wiki moja tu, na hii ni ya tano.

“Dilu!” mkewe Nazlin huyo, juu ngazini, “chai inapoa, na Fareen anakuja na wajukuu saa nne, hiyo pajama utaivua lini?” nakuja, anasema, nakuja, na macho yanamwendea ukutani, pale lilipotundikwa bunda la funguo za baba, funguo sita za duka la Moshi, zimeng'arishwa, Nazlin huzifuta vumbi kila Ijumaa, urithi huo, mwaka wa majumba kutaifishwa baba alifunga ghala alfajiri, akamwambia Kimaro, karani wake, mimi nakwenda Arusha mara moja, wewe kaa hapa, narudi saa kumi, akazitia mfukoni, akawapakia garini Dilawar na mama mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi huku, na kila Idi sebuleni alizichezesha zikalia akasimulia, maofisa wamekuja, funguo ziko wapi, na Kimaro kasimama wima anawajibu, tajiri anarudi saa kumi! na ukumbi mzima hoi kwa kicheko, mpaka leo mtu akichelewa harusi wanasema huyo atakuja saa kumi ya Kimaro, na Dilawar amecheka miaka hamsini, amewafundisha hata wanawe kucheka, wao wasiojua Moshi iko wapi.

“Jirani zetu wa mabomba walijitolea kumdhamini kwa mhuri wao,” Bi Lu anasema, “nikawaambia asanteni, wetu unakuja, na ofisi ya mtaa wanafunga daftari la ruhusa saa tatu,” lahaula, Bi Lu, kwa nini umewakatalia, kwa nini unaniamini hivyo... saa tatu, bado dakika hamsini, ukimwambia sasa atakimbilia kwa jirani, ukinyamaza atamngoja wakili, lakini ukimwambia sasa umekwisha, Bi Lu hatakuamini tena, ataondoka, na ataondoka na haki yake, na wilaya wakisikia mhuri umevuka mipaka watakufuata na lao, kiwanda hicho, jasho la miaka ishirini, hicho kwaheri... na ile barua nyingine, ya Rosario mwalimu, jirani yao wa Moshi, aliyoikuta mwaka jana akisafisha sanduku la marehemu, baba alikuwa akiwasomea nusu yake tu, nusu ya kuchekesha, nusu ya pili inasema wakamchukua Kimaro, wakadhani kazificha funguo, wakampiga, siku ya tatu wakamwachia, naye akarudi kukaa pale pale kwenye ngazi za duka, kwa sababu tajiri amesema atarudi... na Dilawar akaikunja akairudisha sandukuni, hakumwambia mtu, hata Nazlin.

“Nimemwambia Mzee Tao avae viatu,” anasema Bi Lu, anaigeuza simu yake, na huyo hapo, mzee wa watu, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, uso umemsinyaa, mfuko mapajani, kamba za viatu zimefungwa vizuri, ananyanyua mkono na kuipungia skrini isiyo na sura, na Dilawar anajikuta naye amenyanyua wa kwake huku gizani, na mhuri ndani yake, hakuna amwonaye, anajitafutia kile kicheko cha Idi hakipati, kimekufa, anaona haya, haya ya kweli inayochoma masikioni, mhuri ninao mimi, Bi Lu, rudi kwa jirani, anayajaribu maneno kwa midomo mitupu, yote yamo, hayakumkwama, hayo ya kiwanda na yaje baadaye, kamba za viatu zile, yarabi, amezifunga mafundo mawili mawili.

“Chai, Dilu!”

Saa mbili na dakika kumi na mbili, Bi Lu anauliza tena, Bwana Dilawar, unatusikia? na Dilawar, aliyesikia kila neno tangu mwanzo, anapeleka kidole kwenye kitufe cha sauti.