Neno la Mwalimu Nelius

Mvua ilikuwa imebeba nusu ya ukuta wa jikoni, kwa hiyo hedimasta Muchangi alimkuta Nelius Igoki amepiga magoti nje ya nyumba yake, mikono imezama kwenye udongo na samadi hadi viwiko. Miaka sabini na minane, na bado anajikandikia mwenyewe. Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya darasa la kwanza, karibu kiasi kwamba watoto wakiimba herufi, vikombe vyake hutikisika.

"Mwalimu, hii kazi si ungeachia vijana?"

"Nipe hao vijana," Nelius akasema bila kuinuka.

Muchangi alicheka kidogo, akatoa karatasi kwenye bahasha. Ijumaa, Shule ya Msingi ya Kavurini ingebadilishwa jina. Ingeitwa Shule ya Ukumbusho ya Mheshimiwa Mbaka. Binti wa marehemu, Caroline, ambaye mwakani anakitaka kiti cha baba yake bungeni, angekuja kufungua lango. Naye mwanzilishi wa shule, yaani Nelius, angesoma maneno machache. Hakuhitaji kujisumbua kuyatunga. Yalikuwa yameshapigwa chapa.

Kwa sababu ya matope, Muchangi alimshikia karatasi mbele ya macho. Nelius akasoma. Kwamba Mbaka alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Kwamba ndiye aliyeijenga shule. Kwamba kiwanja kilikuwa zawadi yake.

"Mbaka hakusoma hapa hata siku moja," akasema. "Alisomea bweni, huko milimani. Hapa alikuja mara moja tu, na lori, kubeba mabati ya darasa la nne."

"Mwalimu..."

"Yako juu ya baa yake Runyenjes hadi leo. Panda uangalie, yana chapa ya shule."

"Marehemu hasemwi hivyo, Mwalimu."

"Na kiwanja ni cha Nthiga. Bwana yangu. Unalijua hilo, wewe uliyejifunza kusoma juu yake."

Alilijua. Kavurini nzima ilijua. Mwaka wa sabini na tatu Nelius alianza na watoto kumi na mmoja ndani ya zizi. Asubuhi Nthiga akitoa mbuzi, mkewe alifagia mavi, watoto wakaingia. Watoto walipozidi, Nthiga aliachia shule shamba lote, hata pale penye nyumba. Mawe ya madarasa yalitoka mtoni kwa migongo ya wanawake, kamba zimepita kwenye vipaji vya nyuso. Muthoni, jirani yake, aliyabeba mawe hayo katika mimba mbili, na hadi leo kipaji chake kina bonde linaloweza kulaza kidole.

"Hii ni sherehe tu, Mwalimu," Muchangi akasema. "Sherehe si baraza. Watu watapiga makofi, watakula wali, wataenda nyumbani." Kisha akashusha sauti. "Kuna barua imetoka juu. Mtu asiye mfanyakazi haruhusiwi kuishi ndani ya shule. Bodi inaweza kuisahau hiyo barua. Ama iikumbuke."

Nelius alitazama ukuta alioukandika nusu. Hakuwa na mahali pengine. Alipokuwa napo, alipatoa.

"Weka hapo mlangoni," akasema. "Uwekee jiwe, upepo usiibebe."

Kitu kimoja Muchangi hakukitaja. Huko chini Mbeere, mashamba mengi bado hayana hati. Watu wakigombania mpaka, kamati ya ardhi humwita mzee aliyeuona ukipandwa. Akisema, neno lake huandikwa, kisha anatembea mbele ya mpimaji akionyesha kona. Nelius alikuwa ametoa ushahidi kwa nyumba saba, ya Muthoni ikiwemo wakati shemeji zake walipotaka kumfukuza. Mara zote alikataa hata kikombe cha chai mpaka kesi iishe. Watu wakisikia "Mwalimu amesema," walivaa kofia zao wakaenda.

Ijumaa kulikuwa na hema mbili, na picha ya Mbaka ndefu kuliko lango. Nelius alipewa maikrofoni. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili.

"Na mabati, Nelius?" Muthoni akapaza sauti kutoka kwenye nyasi, walikokaa wanawake wasiopata viti. "Soma hapo kwa mabati, tusikie!"

Kicheko kikapita kwenye umati. Chifu akageuza shingo, kikafa.

Sauti ya Nelius iliteleza kwenye mstari wa tatu. Muchangi akainuka haraka, akamsogezea maikrofoni mdomoni. "Na kiwanja hiki... kilikuwa zawadi yake kwetu."

Makofi yalianzia kwenye hema. Kwenye nyasi hayakufika. Caroline alimkumbatia kwa hadhari, maana alivaa nyeupe. "Cucu, nyanya yetu, Mungu akuweke. Daddy alikuwa anakuongelea sana." Wakamfunga mabegani leso yenye uso wa Mbaka, na mpiga picha akamwambia atabasamu.

Wiki ya tatu baada ya sherehe, kamati ya ardhi ikaja kuandika kiwanja cha shule ni cha nani, pamoja na mpimaji na wakili mmoja kutoka Nkubu, Koome, mtu wa Wakfu wa Mbaka, mfuko wa familia ya marehemu. Alikuwa mpole. Aliwaamkia wazee wote kwa mkono, akaweka simu mezani, akabonyeza. Sauti ya Nelius ikatoka: kilikuwa zawadi yake kwetu.

Mwenyekiti, Mzee Njiru, hakuinua macho. "Mwalimu, hii ni sauti yako?"

"Ni yangu. Lakini nilipewa karatasi." Akamtafuta hedimasta. "Uliniambia sherehe si baraza."

"Mimi niliambiwa tu nilete," Muchangi akajibu, akiongea na viatu vyake.

"Cucu, hebu nielewe," Koome akasema. "Unasema Ijumaa ile ulidanganya watu mchana, mbele ya chifu na mchungaji?"

Nelius akafungua mdomo.

"Maana kama ulidanganya siku hiyo, itabidi tuulize na siku zingine. Hapa kwa faili naona mashamba saba yamesimama kwa neno lako. Yataanza upya yote. La huyu mama, kwa mfano." Akaelekeza kalamu, kwa adabu, alikosimama Muthoni.

Muthoni akageuka. Kando ya barabara, nyuma yake, shemeji yake mdogo alikuwa ameegemea pikipiki, anasikiliza.

"Nilisema," Nelius akajibu.

"Ulisema nini, Cucu? Tuandike vizuri."

"Kwamba ni zawadi yake."

Koome akaandika. Akaeleza mengine kama mtu anayesoma matangazo kanisani: hati itatoka kwa jina la Wakfu; madarasa yatabaki, Mheshimiwa alipenda elimu; upande wa barabarani, lami ikifika, patajengwa kituo cha mafuta; na wanaokaa ndani bila kazi ya shule watapewa siku thelathini.

Mpimaji akafungua mfuko wa vigingi. "Kona ziko wapi?"

Wazee wakatazamana. Waliopanda mpaka huo na Nthiga walikuwa wamezikwa wote, naye pia.

"Si ni Mwalimu tu anajua?" Mzee Njiru akasema, sauti ndogo.

"Basi, Cucu, ututembeze," Koome akasema. "Polepole. Hakuna haraka."

Akatembea, nao nyuma yake. Kwenye kona ya kwanza, karibu na lango, alisimama, na mpimaji akapigilia kigingi pembeni ya kiatu chake. Ya pili ilikuwa chini, kwenye mawe mawili aliyoyazika Nthiga, na hapo ilibidi akwangue majani kwa fimbo ndipo yaonekane. Nyundo ikalia. Wakapanda. Darasani mwalimu mgeni alikuwa anafundisha watoto jina jipya la shule, nao waliliimba kwa kulikatakata, maana lilikuwa refu.

Kona ya tatu ilikuwa nyuma ya nyumba yake; kigingi kikipigwa kabla ya ukuta, nyumba ingebaki nje. Nelius alipofika ukutani alipunguza mwendo. Koome akamshika kiwiko asijikwae. Mpimaji akapiga goti, akasimamisha kigingi, akainua nyundo, macho kwenye miguu ya mwanamke.

"Ni hapa, Cucu? Ama bado mbele?"