Ukuta wa Boila

Umeme ulikuwa umekatika Kamalondo yote tangu mchana. Ramla alikuwa akipepea mbabula, jiko lake la makaa, mbele ya mlango wake, makala yakitoa moshi kuliko moto, alipoona mvuke ukitoka kwenye dirisha la bafu la Mama Chilufya, mwenye lupango, ua ule walimopanga. Mvuke mzito, wa maji ya kuoga. Ramla aliacha kupepea. Mama Chilufya hakuwa na jenereta, wala sola juu ya bati, na makala hajanunua tangu baridi ya mwezi wa sita ianze. Basi anachemshia nini?

Ndani, mumewe Idriss aliketi kwenye cherehani, mikono kwapani. Alikuwa fundi wa suti za maharusi, na jioni ile vidole vyake havikuihisi sindano. Chai iliyokuwa pembeni yake ilikuwa imeshika utando wa barafu.

"Tena?" Ramla aliuliza.

"Anaoga," alisema Idriss.

Kumbe naye alikwisha kugundua. Kila bomba la nyumba kubwa lilipofunguliwa, Idriss alipoa. Lilipofungwa, joto lilimrudia, lakini si lote.

Asubuhi Ramla alizunguka nyuma ya nyumba kubwa. Boila lilining'inia ukutani, pipa jeupe lenye kutu kitakoni, na waya mbili zikitoka chini yake. Hakuna hata moja iliyokwenda kwenye mita. Zilivuka ua pamoja na kamba ya nguo, zikaingia kwenye ukuta wa chumba chake, pale pale kilipoegemea kitanda, upande wa Idriss.

Alimwita Mardochée, fundi umeme wa mtaa. Mardochée aligusisha kipimo chake kwenye waya, kisha kwenye kiwiko cha Idriss. Taa ndogo ikawaka.

"Fazi, waya ya moto, iko mu ukuta," alisema. "Neutre, ile ya kurudisha, njo bwana yako, mwenye kulalaka hapa."

"Nani alifunga hivi?"

"Miye. Montage ya kawaida, Mama Ramla. Délestage, ile kukatakata umeme, haiigusake."

Ramla alimtazama mikono, kana kwamba ingempa jibu jingine. "Na ukikata?"

"Joto yake iko mule mu pipa. Nikikata, inabakia mule."

"Basi tutahama."

"Mutaenda wapi? Kila boila ya huku iko na muntu wake. Nyuma ya soko banafungaka ku batoto. Hapa angalau iko mukubwa."

"Umesikia?" Idriss alimwambia mkewe. "Niko mukubwa."

Ramla hakucheka. Alikwenda kwa Mama Chilufya, akamkuta anajifuta nywele. Alipewa kiti.

"Ile boila zamani ilikuwa imefungwa ku marehemu bwana yangu, Papa Casimir," alisema Mama Chilufya. "Alikuwa na joto, yule mwanaume. Hakulalamikaka hata siku moja."

"Alikufa na nini?"

"Baridi." Mama Chilufya alikunja taulo vizuri. "Wako anakohoa?"

"Bado."

"Iko bien. Kamata ndoo moja ya moto, mwanangu. Umusukule bwana yako mikono, inamusaidiaka."

Ramla aliyanusa maji yale kabla ya kuyabeba. Yalinuka chaki ya fundi na kitambaa kilichopigwa pasi. Alimwosha Idriss mikono mpaka viwiko, naye akapata kumaliza mkono mmoja wa koti. Ramla alisema asante ya ndoo, kwa sauti, maana majirani walikuwa uani.

Kuanzia siku hiyo alilala yeye upande wa ukuta. Idriss alikataa, akakataa tena, kisha akapata usingizi.

Kabla mwezi haujaisha Mardochée alirudi na pipa jipya begani. Ramla alikuwa juani, blanketi mbili mgongoni.

"Mama Chilufya anapata bageni, banatoka Kasumbalesa," alisema Mardochée. "Boila moja haitawatosha. Weye unalalaka upande gani sasa?"

Ramla aligeuka kutazama ndani. Idriss alikuwa akitunga uzi, jasho likimtoka kwenye nywele. Uzi ulipita mara ya kwanza.

"Wa ukuta."

"Hii ya pili nifunge ku bwana yako?"

"Yeye umuache."

"Basi zote mbili kwako," alisema Mardochée, akatoa drili kwenye mfuko. Ramla aliingia kukivuta kitanda, ili fundi apate nafasi.