Jina Litatolewa

Miaka mitatu nimehangaika na mpira mmoja wa pampu ya maji. Hauzidi kiganja, lakini ulikuwa ukichakaa kila baada ya miezi miwili, wateja wakalalamika, kiwanda kikakimbilia chuo kikuu kuomba ushirikiano. Chuo kikanipeleka mimi, mwanafunzi wa uzamivu. Nimeuchemsha mpira huo, nimeuvuta, nimeukata, vidole vimeungua. Sasa unadumu mwaka na ushei.

Leo asubuhi ripoti ya pamoja ilitoka. Bodi ya chuo inakaa kesho, na bila jina langu kwenye ripoti hiyo sina shahada. Nikatazama jalada. Jina la Profesa, msimamizi wangu, lipo. La mkurugenzi wa kiwanda lipo. Hata la mpiga picha lipo! Langu halipo.

Nikapanda moja kwa moja kwa mwanasheria wa kiwanda, Profesa akinifuata huku akihema ngazini.

"Mbona jina langu halimo?"

"Dada, tumefuata mkataba." Akanisogezea karatasi. "Soma kifungu cha saba."

Nikasoma: *Jina la mtafiti litatolewa kwenye ripoti.*

"Litatolewa, yaani litatangazwa!"

"Sisi tuliona litolewe, tukalitoa. Tena tukasema, huyu dada mnyenyekevu kweli."

Profesa akakohoa. "Binti, kifungu hicho alikiandika nani?"

Nilikiandika mimi. Tena ni mimi niliyeng'ang'ania mkataba uwe wa Kiswahili, eti kila mtu aelewe. Nilitamani kujizaba kofi. Nilikuwa na hasira nao, na hasira na nafsi yangu, sijui ipi ilizidi.

"Nisaidieni basi. Bodi ni kesho!"

"Usijali," mwanasheria akasema. "Jina lako tutaliweka."

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. "Mtaliweka wapi?"

"Kwenye faili."

Profesa akanishika mkono kabla sijatamka neno la kunifukuzisha chuo. Nikamsukumia mwanasheria kompyuta yake.

"Kwenye jalada la ripoti. Sasa hivi, nikiona."

Akaguna, akafungua ripoti, akaweka vidole tayari kuandika. Vikabaki hapohapo. Akainua macho, akamgeukia msimamizi wangu wa miaka mitatu.

"Anaitwa nani vile, Profesa?"

Profesa akafungua mdomo, kisha akanitazama mimi.