Karatasi ya Mwisho Koponi

Kwa miaka ishirini mwandika mabango alitunga maneno ya kuuzia sabuni, viatu, hata dawa ya mende, wala hakuwahi kukwama. Sasa binti yake alikuwa amefariki, mchonga mawe akisubiri mistari minne tu ya kaburi la mtoto huyo, na mtu mzima ametoa macho kama mwanafunzi asiyesoma.

"Kesho asubuhi naanza," mchonga mawe alimwambia kwa simu. "Bila mistari nachonga jina na tarehe, basi."

Mkewe alichoka kumwona akiukodolea macho ukurasa mtupu. Akashusha kopo la majani ya chai kutoka juu ya kabati. "Cheza kama mlivyokuwa mnacheza, baba."

Mchezo aliubuni binti alipokuwa na miaka minane, akaandika maneno kwenye vikaratasi na kuvitia kopo hilo. Unachomoa karatasi moja koponi, unatunga mistari minne, kila mstari maneno manne, na neno ulilochomoa lazima liwemo. Ukishatunga, karatasi inachanwa. Ukishindwa, unaosha vyombo vya nyumba nzima. Binti ndiye aliyekuwa hakimu, na hakuwa na huruma hata chembe. Baba alisugua masufuria mpaka vidole vikakunjamana.

Kopo lilibaki na karatasi moja, mwandiko wake uleule uliolala upande: soksi.

"Soksi! Kaburini?" Akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Lakini kalamu ilishaanza kwenda.

Soksi moja imebaki kitandani,
mguu wake umekwenda wapi?
Mama anaifua kila wiki,
mimi naivaa mkononi, nalia.

Mkewe alisoma mara mbili, akafuta macho kwa kiganja. "Ndiyo hii. Angeipenda. Haya, chana karatasi, sheria ni sheria."

Akaishika kwa vidole viwili. Madaftari ya shule walishayatupa walipohama, bila kujua kwamba siku moja wangeyahitaji. Karatasi nyingine zote za kopo walizichana wenyewe, wakicheka. Mwandiko wa mtoto wao duniani ulikuwa umebaki huu, herufi tano.

Akachana shairi. Vipande vipande.

"Nimeshindwa," alisema, akairudisha karatasi koponi na kufunga kifuniko.

Mkewe hakumgombeza. Alisema kwa sauti ndogo, "Basi vyombo ni vyako."

Akaenda jikoni, akakunja mikono ya shati, akafungua maji. Sahani zilikuwa mbili tu. Alizimaliza upesi mno.