Nyama Niliyoimwaga

Ndiyo, niliipiga teke nyama. Chungu kizima na mchuzi wake, mavumbini, mwaka ambao watu wa Msalato walikuwa wanachemsha ngozi za kulalia ili wapate kitu cha kumeza. Wanaosimulia habari hii hawasemi uongo. Wanakatiza mapema tu.

Mume wangu Matonya na mdogo wake Chibago walikamatwa na askari wa Mjerumani wakabebeshwe mizigo ya vita kwenda kaskazini. Ng'ombe wetu walichukuliwa siku hiyohiyo, wakawe kitoweo cha jeshi. Mvua nayo ikagoma. Ndugu hao wawili walipotoroka, walitembea katika nchi isiyo na shamba hata moja lenye kitu, wakitafuna mizizi na utomvu wa miti. Walipoinama kuingia ndani ya tembe letu sikuwatambua. Magoti yao yalikuwa manene kuliko mapaja.

Nilimlaza Matonya nikamwekea sikio kifuani. Moyo ulipiga polepole, kwa mbali, kama mtu anayetwanga huku anasinzia. Ngozi yake ilikuwa ya baridi, na nje jua lilikuwa linapasua kuta. Hali ile niliijua, maana nimekulia zizini kwa baba yangu. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hujifunga mwenyewe: maziwa hukauka, mwendo hupungua, masikio hupoa, tumbo hunywea. Anaishi kwa kuutumia mwili wake kwa ubahili. Ndipo mvua inakuja, majani yanachipua, na yule aliyeachiwa ale apendavyo huvimba akaanguka. Aliyeishinda njaa anauawa na shibe. Baba yangu alikuwa akiwarudisha kwa fimbo, akiwaonjesha kidogo kidogo, na majirani wakimcheka mpaka walipoanza kuchuna ngozi za ng'ombe wao.

Basi nilikoroga unga kidogo wa uwele kwenye maji mengi, nikatia ubuyu, nikawapa kila mmoja kata moja.

Mama mkwe wangu, Mwendwa, akachungulia ndani ya kata.

"Haya ni maji ya kunawia?"

"Ni uji, mama."

"Uji! Nzi akianguka humu anaona miguu yake mwenyewe."

"Matumbo yao yamejifunga, mama. Lazima yafunguliwe polepole, kama ya ng'ombe."

"Wanangu ni ng'ombe?"

"Ng'ombe nimewaona wakipona hivi."

"Sikiliza, wewe. Uchoyo wa kwenu uuache huko kwenu. Mimi nilizaa watu."

Matonya hakunishukuru. Alilamba kata, akaikwangua kwa kucha, akanishika mkono kutaka nyingine. Nilipomnyima, akaning'ata. Alama ninayo hadi leo.

Kumbe Mwendwa alikuwa amemficha beberu mmoja ndani ya shimo la nafaka, askari wasimwone. Nilikuwa nimekwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Niliporudi, harufu ilinipokea kabla sijafika. Nikatupa mtungi, nikakimbia.

Chibago alikuwa anakula kwa mikono yote miwili, mafuta yakimchuruzika mpaka viwikoni. Matonya ndiyo kwanza alikuwa ananyoosha mkono kwenye chungu. Nikakipiga teke. Kikapasuka. Kisha nikalirukia bakuli la Chibago, lakini Mwendwa akajitupa juu ya mwanawe, akamfunika kama kuku anavyofunika vifaranga.

"Huyo ndiye mumeo!" akapiga kelele akinionyesha Matonya. "Huyu ni wangu! Muue wa kwako!"

"Mama, atakufa huyo!"

"Mdomo wako uoze!"

Akaziokota zile nyama mavumbini, moja moja, akazifuta kwa kaniki yake. Chibago akazila na hizo. Matonya naye akatambaa kuzifuata. Nikamburuta kwa miguu mpaka ndani, nikakaa mlangoni na mchi wa kinu mapajani. Alilia. Mwanamume mzima alilia, akamwita mama yake, akaniita mchawi, na mimi nikakoroga kata nyingine ya uji.

Chibago alilala akicheka. Kulipokucha miguu yake ilikuwa imevimba, anatweta kama aliyepanda mlima. Jua lilipofika utosini moyo wake ulisimama.

Matonya alipoweza kutembea kwa fimbo, nikaitwa zizini mbele ya ukoo. Zizi halikuwa na ng'ombe hata mmoja, samadi tu iliyokauka. Baba yao mkubwa ndiye aliyenena.

"Mwanamke anayemwaga chakula wakati wa njaa anakaribisha msiba. Chungu kilipasuka, na moyo wa kijana ukapasuka. Mpigie mama yako magoti, umwombe radhi, yaishe."

Mwendwa alikuwa ameshika kigae kikubwa cha kile chungu. Nikamgeukia mume wangu. Mashavu yalikuwa yamerudi. Yeye alijua. Nilingoja aseme.

Akasema.

"Mdogo wangu alikufa ameshiba. Mimi ulinifanya nikalia mbele ya mama yangu kama mtoto, nikilamba kata. Mwombe radhi."

Niliitazama ile miguu aliyosimamia. Nyama yote iliyokuwa juu ya mifupa yake ilikuwa uji wangu.

"Umesimama, Matonya?" nikamuuliza.

"Nimesimama."

"Unaona haya kwa sababu uko hai. Chibago haoni haya."

"Piga magoti!" baba mkubwa akafoka.

"Sipigi. Na radhi siombi, si kwa mama, si kwako, si kwa ukoo wenu wote. Pikeni chungu kingine mniletee hapa. Akirudi mwingine kama wale, nitakipiga teke hicho pia."