Ukindu Mkavu

Katika nyumba ile ya Harrow, London, Mwatima alisuka mikeka na Matar akavaa sifa. Ilianza mwaka 1998, siku Matar alipouchukua mkeka wa mkewe, akautia fremu na kuandika jina lake mwenyewe kwenye kona. Kufika 2004 watu wa sanaa walikuwa wakimwita bingwa kutoka Pemba. Mwatima alikuwa akitoka kazini, kuogesha wazee wa watu, anakaa sakafuni na kusuka mpaka kidole gumba kikapasuka. Wageni wakiuliza yule mama ni nani, Matar hujibu, "Msaidizi wangu. Hukata nyuzi."

Mara moja tu Mwatima aliomba jina lake liandikwe chini ya la mumewe, hata kwa herufi ndogo.

Matar alicheka. "Wewe mikono, mimi akili. Mikono haiandikwi jina."

Ndipo ikaja barua ya Priscilla, mkuu wa chuo cha sanaa, aliyekuwa akitafuta mwalimu wa ususi. Aliwaalika kutazama tamthilia ya nyimbo kutoka Korea, iliyochezwa ndani ya ghala kuukuu kando ya mto Thames. Ilihusu mume mchoraji na mke msusi wa mikeka. Hapakuwa na jukwaa wala viti. Watazamaji walitembea chumba hadi chumba nyuma ya waimbaji, kama wageni waliokaribishwa kwenye ugomvi wa wenyewe. Chumba cha mwisho, mke huketi kusuka na mgeni mmoja huketi naye. Jumamosi hiyo mgeni angekuwa Matar. Akisuka vizuri mbele ya Priscilla, kazi ni yake.

"Nifundishe," alimwambia mkewe.

Wiki nzima Mwatima alimfundisha, na hakumficha kitu. Usiku wa kuamkia Jumamosi alimfungia ukindu, majani ya kusukia, ndani ya taulo lililolowa.

Asubuhi akaukuta umeanikwa juu ya hita, umekauka kau.

"Ungeniroweshea suti," Matar alisema, akijitazama kwenye kioo. "Hata kufunga mzigo huwezi?"

Mtoto wa miaka saba kule Pemba anajua kwamba ukindu mkavu hukatika. Mwatima alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaenda kutafuta viatu vyake.

Ndani ya ghala walisimama karibu na waimbaji hata wakasikia pumzi zao. Nyimbo zilikuwa za Kikorea, na maneno ya Kiingereza yalipita ukutani upesi mno. Mwatima hakuyahitaji. Alimwona mchoraji akinyoosha kikombe pembeni ajaziwe chai, bila kumtazama mkewe, akaelewa yote.

"Mwanamke analalamika tu," Matar alinong'ona.

Chumba cha mwisho mwimbaji aliketi kwenye mkeka wa nyasi za kwao, bakuli la maji pembeni. Akamkaribisha Matar. Matar akaketi, akatandaza ukindu, akapindua kama alivyofundishwa. Ukakatika. Akachukua mwingine, nao ukakatika.

"Mwatima," alisema kwa sauti ya chini, "umeufanya nini?"

"Sijaufanya kitu. Endelea, bingwa."

Wa tatu ulikatika. Mwimbaji, bila kuacha wimbo, akamsogezea bakuli lake. Matar akalitazama, akatabasamu kwa adabu, akalinyanyua akanywa funda moja.

Wimbo ukakoma. Priscilla, ambaye ususi aliujua, akateremsha miwani.

Mwimbaji akageuka, akaviona vidole vya Mwatima, kucha zilizoshika zambarau ya kutilia ukindu rangi na gumba lililopasuka. Akamwashiria. Mwatima akapiga magoti, akalitoa bakuli mkononi mwa mumewe, akachovya. Ukindu ukalainika, na ukili, utepe wa kushonea mkeka, ukaanza kushuka mapajani mwake.

"Wewe ni nani?" Priscilla aliuliza.

Mwatima alijibu kwa Kiingereza cha kazini, kwa sauti ya kusikiwa na chumba kizima. "Msaidizi wake. Hukata nyuzi."

Walicheka wote, isipokuwa Matar.

Siku ya tano baada ya Jumamosi ile, Miska, dada yake Matar, alikuja kutoka Kenton. Matar alikuwa amejifungia chumbani. Barua ya chuo, iliyomwita mwongo, ilikuwa bado mezani.

"Wifi, ukindu kwenye hita uliuona?"

"Niliuona."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Kaka yangu hali, hatoki. Kila nyumba ya Wapemba London nzima wanasimulia alivyokunywa maji ya mikeka. Ulitaka aaibike?"

"Nilitaka."

Nyuma ya mlango Matar alikohoa. Miska akashusha sauti. "Basi muombe radhi, mwanangu wee, yaishe. Neno moja tu. Anasikia hapo alipo."

Mwatima alichovya ukindu, akaukung'uta maji, akauingiza mahali pake.

"Vizuri kama anasikia," alisema. "Simuombi radhi."